Kutoka kwa Umutabazi hadi Mwokoaji: Kafara na Gharama ya Kuokoa Uhai katika Historia ya Gisenyi, Rwanda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano kati ya masimulizi ya kale ya kafara katika ufalme wa Rwanda na namna tunavyosimulia leo matendo ya watu waliookoa wenzao wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mfano mkuu ni Félicité Niyitegeka, aliyeuawa Gisenyi tarehe 21 Aprili 1994. Makala yanadai kwamba kumsoma Niyitegeka kwa kanuni ya kafara, yaani kifo kimoja kinachonunua uhai wa wengine, kunaficha kazi halisi iliyookoa watu. Mwishoni yanapendekeza namna taasisi za kumbukumbu zinavyoweza kuhifadhi kazi hiyo kabla mashahidi wake hawajaondoka.

1. Utangulizi

Katika Kinyarwanda cha leo, ubutabazi ni neno la ofisini. Wizara inayoshughulikia maafa na dharura hulibeba katika jina lake, na Mto Sebeya ulipofurika wilayani Rubavu mwezi Mei 2023, neno hilo ndilo lililotumika kwa kazi ya kuwatoa watu katika maji, kuwahifadhi na kuwalisha. Anayemtoa mwenzake hatarini huitwa umutabazi. Mzungumzaji wa Kiswahili angemwita mwokoaji na kuendelea na safari yake.

Hata hivyo, neno hilo lina umri mkubwa kuliko wizara. Katika lugha ya ufalme wa zamani, umutabazi alikuwa mtu aliyeteuliwa kwenda kumwaga damu yake katika ardhi ya adui ili nchi ipone. Hakuwa mwokoaji kwa sababu ya watu aliowabeba mgongoni. Alikuwa mwokoaji kwa sababu alikufa, na kifo chake kiliaminika kuwa na nguvu ya kugeuza vita. Kati ya maana hizo mbili kuna swali moja: je, ni kifo cha mwokoaji kinachookoa, au ni kazi yake?

Swali hili si la wanaisimu peke yao. Gisenyi, mji wa mpakani ambao leo ni makao ya Wilaya ya Rubavu, unamkumbuka mwanamke aliyekataa kuokolewa peke yake na akauawa pamoja na watu aliokataa kuwaacha. Habari zake husimuliwa shuleni, kanisani na katika Siku ya Mashujaa inayoadhimishwa kila tarehe 1 Februari. Mara nyingi husimuliwa kwa umbo la simulizi la kale: alitoa uhai wake ili wengine waishi. Umbo hilo linavutia, lakini haliendani na yaliyotokea. Watu aliokataa kuwaacha hawakuishi. Kama kifo chake kilikuwa bei, basi hakikununua chochote. Mwanahistoria anayemheshimu anapaswa kuukabili ukweli huo bila kuupamba.

2. Umutabazi katika masimulizi ya ufalme

Wasimulizi wa mahakama ya kifalme walihifadhi historia katika ibitekerezo, masimulizi yanayochanganya vita, nasaba, uaguzi na maajabu. Alexis Kagame aliyakusanya mengi katika karne ya 20 na kuyachukulia kuwa nguzo za historia ya nchi. Jan Vansina, aliyefanya utafiti Rwanda miaka ya mwisho ya ukoloni, alikuwa na tahadhari zaidi. Kwake, masimulizi kuhusu wafalme wa mwanzo yanatueleza zaidi fikra za watu walioyasimulia kuliko matukio yenyewe. Makala haya yanafuata tahadhari hiyo. Hatuhitaji kuamini kwamba mambo yalitokea kama yanavyosimuliwa ili tuone kanuni inayoyaongoza.

Simulizi mashuhuri zaidi ni la Ruganzu Bwimba na dada yake Robwa. Kimenyi, mfalme wa Gisaka upande wa mashariki, anataka kumwoa Robwa kwa sababu uaguzi umemwahidi kwamba mtoto wa ndoa hiyo ataiunganisha Rwanda na Gisaka. Kuizuia hatari hiyo, Rwanda inahitaji umutabazi. Uteuzi unamwangukia Nkurukumbi, mjomba wa mfalme, naye anakataa. Basi Bwimba mwenyewe anakwenda Gisaka na kuuawa huko, na Robwa, akiwa mjamzito, anajiua kwa kujitupa juu ya Rukurura, ngoma ya kifalme ya Gisaka, ili mtoto wa utabiri asizaliwe. Vizazi vilivyofuata vilipata abatabazi wengine. Miongoni mwao hutajwa Gihana, mwana wa Cyirima Rujugira, aliyekufa katika vita dhidi ya Burundi.

Mambo matatu yanaonekana katika simulizi hili. Kwanza, kafara huamriwa: waaguzi ndio wanaotaja jina, na mahakama ndiyo inayotuma. Pili, kafara hulipa: damu ikishamwagika mahali pake, adui hushindwa na nchi hupona, hata kama ni baada ya vizazi. Tatu, anayekataa hubaki na aibu. Nkurukumbi anakumbukwa kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba alikataa kufa.

Kuna jambo la nne ambalo simulizi halilisemi waziwazi. Kinachookolewa ni ufalme. Uhai wa Robwa, wa mtoto wake na wa Bwimba huhesabiwa kama fedha inayotumika kununua usalama wa ngoma na kiti. Swali la kwamba mtu mmoja, mwenye jina lake na wasiwasi wake, anastahili kuokolewa kwa ajili yake mwenyewe halijitokezi.

Kiswahili nacho kina hesabu yake. Kafara huondoa balaa au kufuta kosa, fidia humkomboa mtu au kulipia hasara, na kujitoa mhanga ni kujiweka mahali pa mnyama wa sadaka. Maneno haya matatu yana umbo la biashara: kitu kinatoka ili kitu kiingie. Ndiyo maana msemaji wa Kiswahili anapomtaja mtu aliyekufa akiwatetea wengine, lugha yenyewe humsukuma kuuliza nini kilipatikana. Swali hilo tunaliingiza sasa katika Gisenyi ya mwaka 1994.

3. Gisenyi, Aprili 1994

Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa Kigali usiku wa tarehe 6 Aprili. Asubuhi ya tarehe 7 mauaji yalikuwa yameshaanza Gisenyi. Mji huo ulikuwa makao ya kamandi ya kijeshi ya eneo, na wanamgambo wa Interahamwe walikuwa wamejipanga. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilisikiliza ushahidi mwingi kuhusu mji huu. Omar Serushago, mmoja wa viongozi wa Interahamwe wa Gisenyi, alikiri makosa Desemba 1998 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 15 Februari 1999. Mahali palipotisha zaidi palikuwa makaburini, ambapo watu walipelekwa kuuawa. Wenyeji walipaita Commune Rouge, yaani wilaya nyekundu, na jina hilo limebaki hadi leo.

Jiografia ya mji ndiyo iliyofanya uokoaji uwezekane. Gisenyi na Goma zimeshikana ufukoni mwa Ziwa Kivu. Nyumba za upande mmoja zinatazamana na nyumba za upande wa pili, na ndugu, wachuuzi na waumini huvuka kila siku. Kwa Mtutsi aliyewindwa, mwendo wa dakika chache uligawa kifo na uhai. Lakini dakika hizo zilikuwa na vizuizi vya barabarani, vitambulisho vilivyotaja kabila, na macho ya majirani.

Félicité Niyitegeka alikuwa mlei Mkatoliki aliyejitoa kwa utume wa Kanisa katika jumuiya ya wanawake wasaidizi wa utume, na alifanya kazi katika Kituo cha Mtakatifu Petro mjini Gisenyi. Alikuwa na umri wa miaka ipatayo 60. Alihesabiwa kuwa Mhutu, na ndugu yake alikuwa kanali aliyeongoza kambi ya jeshi ya Bigogwe. Katika mantiki ya siku zile, mtu wa namna hiyo hakuwa na la kuhofia ikiwa angekaa kimya.

Watu walikimbilia kituoni naye akawapokea. Yeye na wenzake waliwaficha, wakawalisha, na wakawasaidia baadhi yao kuvuka usiku hadi Goma. Habari zilipomfikia ndugu yake, alimpelekea ujumbe wa kumtaka aondoke ili aokoe maisha yake. Alijibu kwa barua fupi. Kwa ufupi, alimshukuru kwa kumjali, akaeleza kwamba kujiokoa kungemaanisha kuwaacha watu 43 waliokuwa chini ya uangalizi wake, na kwamba alichagua kufa pamoja nao. Aliwaaga jamaa, na hakufunga mlango wa matumaini: Mungu akiwaokoa, wangeonana kesho.

Tarehe 21 Aprili wanamgambo walifika kituoni na kuwapakia watu katika magari kuelekea Commune Rouge. Hata huko, kwa mujibu wa masimulizi yaliyohifadhiwa, aliambiwa kwamba yeye angeweza kuondoka kwa sababu ya ndugu yake. Alikataa. Aliuawa pale kwa risasi, pamoja na watu aliokuwa nao.

4. Bei ilikuwa nini?

Tukiweka tukio hili kando ya simulizi la Bwimba, kila nguzo ya kafara inapinduka.

Katika simulizi, mamlaka humtuma mtu akafe. Gisenyi, mwenye mamlaka alimtaka aishi. Bei aliyoombwa haikuwa uhai wake. Ilikuwa uhai wa wengine. Aliambiwa atoke nje ya kundi, na kundi liachwe. Kwa maneno mengine, kafara iliyopendekezwa siku ile ni watu 43, na mnufaika angekuwa Niyitegeka. Kukataa kwake kulikuwa kukataa kafara, wala hakukuwa kuitoa. Nkurukumbi wa simulizi alikataa ili ajiokoe. Niyitegeka alikataa kuokolewa kwa gharama ya wengine. Lugha inayowaita wote wawili kwa kipimo kimoja cha kujitoa mhanga inapoteza tofauti hii.

Katika simulizi, damu hulipa. Commune Rouge haikulipa chochote. Mauaji hayakusimama Gisenyi tarehe 22 Aprili. Mji ulitoka mikononi mwa serikali iliyoyaendesha mwezi Julai 1994 tu, wakati jeshi la RPF lilipofika na mamia ya maelfu ya watu wakavuka mpaka uleule kwenda Goma. Msimulizi anayetaka kifo cha Niyitegeka kiwe na faida ya papo hapo atalazimika kuibuni.

Hata hivyo kuna waliookoka. Ni wale waliovuka kabla. Uhai wao haukununuliwa tarehe 21 Aprili; ulitokana na usiku uliotangulia: mlango uliofunguliwa, chakula kilichogawanywa kwa siri, mtu aliyejua njia isiyo na kizuizi, na mtu wa Goma aliyewapokea bila kuuliza maswali. Kazi hiyo ndiyo iliyookoa. Kifo kilikuwa adhabu ambayo wauaji waliitoza kazi hiyo. Kusema kwamba kifo ndicho kilichookoa ni kuwapa wauaji sehemu katika wokovu, kana kwamba bila wao thamani isingekamilika.

Je, saa ya mwisho basi haikuwa na maana? La hasha. Mauaji ya kimbari yalitegemea tendo moja la msingi, nalo ni kutenga: huyu ni wetu, yule si wetu. Kila kizuizi cha barabarani kilikuwa chombo cha kutenga. Niyitegeka alipokataa kusimama upande alioelekezwa, alilinyima tendo hilo ridhaa ya mtu mmoja. Maana ya saa ile ni ya ushahidi. Kwa mwanahistoria ushahidi ni jambo zito, lakini tusiuite bei ya uhai wa mtu mwingine.

5. Mifano miwili ya kulinganisha

Matukio mawili mengine ya Rwanda yanatusaidia kuipima hoja hii.

La kwanza ni la shule ya sekondari ya Nyange, ambayo leo iko katika Wilaya ya Ngororero. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, wakati wa mashambulizi ya waasi kaskazini-magharibi mwa nchi, watu wenye silaha waliingia madarasani na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walijibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa, wengine walijeruhiwa, na wengine wanaishi hadi leo. Hapa pia kilichoombwa ni kutenga, na kilichotolewa ni kukataa. Wanafunzi wa Nyange, walioaga dunia na walio hai, wamewekwa katika daraja la mashujaa la Imena, daraja lilelile la Niyitegeka. Kuwepo kwa walio hai katika daraja hilo ni jambo la maana: taifa lenyewe limeshakiri kwamba ushujaa haukamilishwi na kaburi.

La pili ni la Zura Karuhimbi, mganga wa jadi wa Ruhango aliyefariki Desemba 2018 akiwa mzee sana. Mwaka 1994 aliwaficha watu wanaokadiriwa kuzidi 100 katika nyumba na shamba lake. Silaha yake ilikuwa sifa ya uchawi. Aliwatisha wanamgambo kwamba atawaamshia mizimu, alitikisa bangili zake, na alitumia mimea inayowasha ngozi ili walioingia waamini wamelaaniwa. Hakuamini simulizi la maajabu kama mateka wake. Alilitumia kama kifaa cha kazi. Watu wake waliishi, naye aliishi.

Tukitumia kanuni ya kafara, Karuhimbi anakuwa na hadhi ndogo kuliko Niyitegeka kwa sababu hakufa. Tukitumia kanuni ya kazi, wawili hawa ni ndugu. Wote walifungua mlango, wote walilisha watu waliowindwa, na wote walidanganya wauaji pale uongo ulipohitajika. Kilichowatofautisha ni matokeo ambayo hawakuwa na uwezo wa kuyapanga: Ruhango wauaji waliogopa, Gisenyi hawakuogopa.

6. Kumbukumbu za kitaifa na pengo lake

Rwanda imejenga taasisi nyingi za kukumbuka. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012, zilishughulikia karibu kesi milioni mbili. Swali lao kuu lilikuwa nani aliua, aliiba au alishiriki, kama inavyopasa mahakama. Taasisi ya mashujaa ina madaraja ya Imanzi, Imena na Ingenzi. Tangu 2015, Unity Club imekuwa ikiwatunuku Abarinzi b'Igihango, yaani walinzi wa agano, wakiwemo watu waliowaokoa wenzao, na mwaka 2021 iliundwa wizara inayosimamia umoja wa taifa na kumbukumbu.

Mpango huu una mwenzake nje ya Afrika. Yad Vashem ya Israeli ilianza mwaka 1963 kuwatambua watu wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi wakati wa utawala wa Wanazi, na zaidi ya watu 28,000 wametambuliwa. Kigezo chake ni tendo na hatari aliyoikubali mtendaji. Kufa si sharti. Kwa kuwa kigezo ni tendo, kila jalada hulazimika kueleza tendo lenyewe: nani, wapi, kwa siku ngapi, kwa njia gani.

Undani huo ndio tunaouhitaji kwa Gisenyi. Barua ya Niyitegeka inajulikana sana, na saa yake ya mwisho imesimuliwa mara nyingi. Njia za usiku kuelekea Goma zinasimuliwa kwa sentensi moja. Waliopika, waliosimama lindo, na waliowapokea wakimbizi upande wa pili wa mpaka wamebaki kivulini mwa kifo cha mtu mmoja. Pengo hili limetokana na umbo la simulizi tulilolirithi: msimulizi akishapata damu, huona hadithi imekamilika.

Madhara ya pengo hili yanavuka mipaka ya historia. Kijana anayefundishwa kwamba mwokoaji ni yule anayekufa atajiona hana sifa ya kuokoa, kwa kuwa hataki kufa, na hakuna ubaya katika kutotaka kufa. Lakini akifundishwa kwamba uokoaji ni mlango, sahani, njia na ukimya, atajua kwamba kazi hiyo iko ndani ya uwezo wake. Sera ya kuzuia mauaji ya halaiki inahitaji watu wengi wa aina hiyo, wala haiwezi kutegemea kutokea kwa mtakatifu mmoja katika kila mji.

7. Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba kanuni ya kafara, iliyohifadhiwa katika ibitekerezo na katika msamiati wetu wa Kiswahili, inampa Niyitegeka heshima lakini inamsoma vibaya. Umutabazi wa ufalme alikufa ili kifo chake kiokoe. Umutabazi wa Gisenyi aliokoa, na kwa sababu hiyo akauawa.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, kumbukumbu za uokoaji wa Gisenyi zikusanywe pande zote mbili za mpaka, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili. Kiswahili ni lugha ya pamoja ya Rubavu na Goma, na tangu 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Ndiyo lugha ambayo wengi waliopokea wakimbizi wa Aprili 1994 wangeitumia kueleza walichofanya. Miaka zaidi ya 30 imepita, na mashahidi hao wanazeeka. Pili, vitabu vya shule vinavyomtaja Niyitegeka vieleze kazi yake kabla ya kifo chake, na viwataje pamoja naye waokoaji walioishi. Tatu, wataalamu wa istilahi watenganishe mwokoaji, mhanga na kafara katika maandishi ya sera na historia, ili mtu aliyeuawa asigeuzwe sadaka ya mtu yeyote.

Barua ya Niyitegeka haikutamani kifo. Ilitaja watu kwa idadi, ilisalimu jamaa, na ilitumaini kesho. Mwandishi wake alikuwa bado kazini.